Lugha chafu wodini: ni tabia ya nesi au ni mzigo wa kazi?

Baba Tatu (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za jioni. Mke wangu kajifungua wiki 3 zilizopita, mama na mtoto wazima, namshukuru Mungu. Ni hospitali ya serikali hapa Dar, jina naliacha.

Usiku ule zamu ilikuwa na manesi wawili. Wa kwanza, mke wangu alipolia kwa uchungu, alimwambia, "Wakati unaitafuta hiyo mimba ulikuwa unalia hivi?" Wa pili alikuja akamsugua mgongo, akampa maji kidogo kidogo, akawa anamwita "mama". Wodi moja, usiku mmoja, mshahara bila shaka haupishani sana. Sasa msinieleze habari za mazingira magumu ya kazi. Mmoja ana utu, mwingine hana.

Hoja yangu: leo ukitaka kuingia diploma ya uuguzi unaangaliwa D nne za kidato cha nne, zikiwemo kemia, baiolojia na fizikia. Hakuna anayekuuliza ukikasirika huwa unakuwaje. Nasema wapimwe tabia kabla hawajavaa sare. Asiyefaa akauze vifaa vya ujenzi, misumari haisikii matusi. Naomba kuwasilisha.

Mkunga wa Zamu

Kaka, hongera kwa mtoto. Aliyemsema mkeo vile amekosea na simtetei. Ile kauli tunaijua, niliikuta kazini na nadhani nitaiacha. Ila wewe umeuona usiku mmoja ukiwa nje ya mlango, ngoja nikuingize ndani.

Mama akiwa kwenye uchungu, mapigo ya moyo wa mtoto yanatakiwa kusikilizwa kila nusu saa na kuandikwa kwenye patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu. Tuseme mko wawili na mna akina mama 12. Hapo ni mara 24 kwa saa. Kila mara unainama, unaweka kile kitarumbeta tumboni, unahesabu dakika nzima, unaandika, unanawa, unakwenda kwa mwingine. Hujapima presha bado, hujapokea mtoto, hujaenda kubembeleza damu maabara. Mmoja akianza kusukuma, nesi mmoja keshatoka kwenye hesabu. Akivuja damu, mmetoka wote wawili, na wale 11 wanabaki na Mungu wao.

Usiku wa tatu mfululizo, saa kumi alfajiri, nimewahi kumfokea binti wa miaka 17. Sauti niliisikia kama ya mtu mwingine aliye chumba cha pili. Nilipomaliza kumhudumia nikaenda kukaa stoo juu ya katoni la glovu. Asubuhi nikamuomba radhi. Akanijibu, "Usijali, sista." Afadhali angenitukana.

Mwaka ninaingia chuo nilikuwa mpole, mwanakwaya. Hicho kipimo chako kingenikamata wapi?

Konda Mstaafu

Dada nesi, pole na kazi. Lakini mimi nimepiga debe Mbagala–Kariakoo miaka 11. Naamka saa tisa usiku, abiria wananitukana, trafiki ananisubiri, jioni tajiri anataka hesabu yake kamili hata kama gari lililala gereji nusu siku. Na mimi nimetukana watu, sikatai. Tofauti ni kwamba abiria wangu alikuwa na uwezo wa kusema "shusha" akapanda la nyuma. Mke wa Baba Tatu angeshukia wapi?

Wapimwe.

Mama Kijiwe

Konda hapo kwenye kushuka umemaliza. Nasoma tu.

Darasa la Jioni

Saikolojia nimeisomea, naomba niwavunje moyo kidogo wapimaji, halafu niwavunje na wapinzani wao.

Tabia ina nafasi yake, hilo tusidanganyane. Katika zile tabia kuu tano ambazo watafiti huzipima, ya kujituma na kuwa makini ndiyo iliyoonekana kwenda pamoja na utendaji mzuri karibu katika kila aina ya kazi. Watafiti Barrick na Mount walizikusanya tafiti nyingi pamoja, wakaliandika hilo mwaka 1991. Na mtu mwepesi wa wasiwasi huelemewa na kazi mapema kuliko mwenzake. Kwa hiyo Baba Tatu hajakurupuka.

Shida ni dodoso lenyewe. "Je, wewe ni mvumilivu?" Nani anayetafuta chuo atajaza hapana? Hata konda wetu hapo juu angejaza ndiyo (usinikasirikie, mkuu).

Halafu kuna jambo zito zaidi. Hebu fikirini, umewapata hao wanaojituma, wodi nzima. Inchaji, yaani msimamizi wa wodi, akikosa mtu wa usiku, simu anampigia nani? Anampigia yule asiyekataa. Mgonjwa korofi anapewa nani? Yuleyule. Punda afe, mzigo ufike. Kile kitu ulichompimia ndicho kinachommaliza. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliuelezea uchovu wa kazi katika ICD-11, ule mwongozo wake wa kuainisha magonjwa, likasema ni jambo la kikazi na si ugonjwa. Likautaja kwa dalili tatu: mtu kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi yake kimoyo hadi kuikejeli, na kuona hafanyi tena la maana. Isome tena hiyo ya pili, halafu rudi kwenye kauli aliyoambiwa mke wa Baba Tatu.

Baba Tatu

Mkuu, maelezo mazuri. Lakini yule nesi wa pili mbona hakejeli? Usiku ule ule, wagonjwa wale wale. Hapo bado hamjanijibu.

Tabibu wa Mwambao

Niko Kenya, ni afisa wa kliniki. Huku mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56. Dai moja kubwa lilikuwa malipo ya madaktari wanagenzi, wale walio kwenye mafunzo ya vitendo: mkataba wa 2017 uliweka takriban shilingi 206,000 kwa mwezi, serikali ikasema itawapa 70,000. Basi mpime huyo kijana, apasi vizuri, kisha umlipe theluthi ya mlichokubaliana. Utaona hiyo tabia nzuri itadumu miezi mingapi.

Lakini na mimi niwe mkweli. Wako wenzetu ambao walikuwa wakali tangu siku ya kwanza, hata zamu moja hawajafanya, na twawajua. Uchovu umekuwa blanketi siku hizi, aliyechoka na asiyechoka wote wajifunika.

Mkunga wa Zamu

Tabibu, hilo la blanketi nalikubali.

Baba Tatu, kuna mfano wa hapa hapa. Mkoa wa Tanga, wilaya za Korogwe na Muheza, watafiti waliwauliza akina mama siku ya kuruhusiwa baada ya kujifungua. Karibu mmoja kati ya watano alisema alitendewa vibaya, kufokewa na kupuuzwa kukiwemo. Baadhi yao wakafuatwa tena baadaye, mbali na macho ya wahudumu, idadi ikapita robo. Kisha ukaja mradi ulioitwa Staha, upande wa Korogwe. Wananchi na watumishi wakaandika pamoja mkataba wa huduma, mapazia yakawekwa, akina mama wakaanza kuulizwa walivyohudumiwa. Kutendewa vibaya kukapungua sana ukilinganisha na Muheza. Na hakuna nesi aliyejazishwa dodoso la roho nzuri.

Konda Mstaafu

Sasa pazia linazuiaje mtu kutukana?

Mkunga wa Zamu

Linazuia, kaka. Mtu akilazwa nusu uchi mbele ya watu kumi, na wewe mhudumu baada ya muda unamzoea kama kitanda. Ukishavuta pazia unabaki naye, unamuona uso. Sijui kueleza vizuri zaidi ya hapo.

Na kuhusu yule wa pili, ni kweli nilikwepa. Wa namna hiyo ninaye wodini kwangu. Akina mama wanamuulizia kwa jina tangu kliniki. Mwezi uliopita amepeleka barua kwa inchaji, anaomba ahamishiwe chumba cha chanjo, kule wanafunga saa tisa na nusu alasiri. Inchaji kaiweka barua kwenye droo, anasema akimwachia huyo wodi italala.

Yule mkali wetu hajaomba kuhama popote.