Ukumbi wa yoga Jambiani: makuti au bati, na maji machafu yaende wapi?

Kiwanja_Mawe:
Assalaam alaykum. Kiwanja kiko Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, jiwe la matumbawe tupu, udongo haufiki hata futi moja. Panajengwa ukumbi wa wazi wa yoga wa watu 20, mabanda ya kulala, jiko na vyoo. Mwenye mali anataka vitu vya hapa hapa na saruji kidogo. Ukumbi uwe na ukubwa gani na uelekee wapi? Paa liwe la makuti, au bati chini na makuti juu ili tukinge maji ya mvua? Kisima kipo, maji yake yameanza chumvi.

Kombamoyo:
Waalaykum salaam. Anza na mkeka. Wenyewe ni sm 61 kwa 183, lakini mtu akinyoosha mikono anataka kama mita 1.3 kwa 2.3, yaani mita 3 za mraba. Watu 20 ni mita 60. Weka mwalimu na njia, mita 8 kwa 10 zinatosha.

Ubavu mrefu uangalie kaskazini na kusini, ubavu mfupi uangalie bahari. Jua la mchana liko utosini na paa linalikinga. Linalosumbua ni la asubuhi, ambalo linaingia chini ya upenu wakati huo huo wa darasa. Upande wa bahari tundika pazia za mianzi za kukunja. Kusi na kaskazi zote zitapita, ila zungushia ukuta mfupi wa sm 45, la sivyo kusi itawamwagia mchanga usoni wakilala chali.

Mteremko wa paa ni nyuzi 45, usikubali pungufu. Paa likilala, maji yanatembea polepole, kuti halikauki, linaoza. Upenu ukitoka mita 1.5 kila upande unapata mita 11 kwa 13, zidisha kwa 1.41 ya mteremko: kama mita 200 za mraba. Kuti la sm 75, mistari kila sm 10, ni makuti 14 kwa mita moja. Hesabu 15, jumla 3,000. Hapa ndipo mafundi wanapochezea. Mistari ikiachwa sm 15 umeokoa theluthi ya makuti, na paa litavuja mapema sana. Chukua rula, panda ngazi, pima mwenyewe.

Boriti za mikoko ziache. Tumia mvinje wa kupandwa, umenywe gamba lote, maana fukusi wanaanzia chini ya gamba, kisha ukaushwe kivulini. Nguzo usiifukie, ikae juu ya kiatu cha chuma kisichoshika kutu, daraja la 316. La 304 karibu na bahari linatoka madoa.

Chokaa_Mbichi:
Bati chini ya makuti, hapana. Kuti linataka hewa juu na chini. Ukililaza juu ya bati, unyevu unabaki katikati, kuti linaoza kwa ndani na chumvi inakula bati usilione.

Maji ya makuti yana rangi ya chai, ya kunywa hayafai. Bati la alumini liweke kwenye jiko na vyoo, ukinge huko. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 90 likipata mm 40 ni lita 3,600. Ondoa sehemu moja ya tano inayopotea, zinabaki karibu 2,900. Lita 150 za mwanzo zimwage, ndizo zenye kinyesi cha kunguru.

Jiko likae mbali na upande unakotoka upepo. Na mishumaa ya kutafakari chini ya makuti ipigwe marufuku kabisa. Taa ndogo za betri zipo.

Karo_na_Matete:
Mmeshughulika na paa, lakini kiwanja hiki kitaharibika kwa chini. Jiwe la matumbawe lina nyufa kama sponji. Shimo la kunyonya hapo halichuji kitu: maji ya choo yanashuka kisimani, na mengine yanatokea ufukweni kwenye mashamba ya mwani.

Wageni 20 na wafanyakazi 8, kila mmoja lita 150, ni lita 4,200 kwa siku. Jenga karo la vyumba viwili la mita 12 za ujazo, sakafu na kuta zisivuje. Hapa tumia saruji bila aibu. Lifuatiwe na kitanda cha matete, yaani shimo la kokoto lililopandwa matete linalosafisha maji yanayotoka karoni, mita 2 za mraba kwa mtu: mita 4 kwa 14, kina sm 60, chini plastiki nene, ndani kokoto za mm 10 hadi 20, na mawe makubwa yanapoingilia na kutokea maji. Maji yakae sm 5 chini ya uso wa kokoto. Yakionekana juu umefuga mbu. Yanayotoka yanyweshe migomba na minazi, si mchicha.

Vitanda vingi vinakufa kwa mafuta ya jikoni, yanaziba kokoto za mwanzo. Weka mtego wa mafuta kabla ya karo, usafishwe kila wiki.

Na kisima kivutwe kidogo kidogo. Maji matamu yanaelea juu ya ya chumvi. Pampu kubwa inapandisha chumvi.

Kiwanja_Mawe:
Nimewapata. Sakafu je? Mbao ukumbi wa wazi si zitavimba?

Kombamoyo:
Zitavimba, kwa hiyo acha nafasi ya mm 3 kati ya ubao na ubao. Mnazi mzee uliokwisha kuzaa unafaa, ila chukua mbao za upande wa nje tu. Za moyoni ni laini, kucha inaingia. Inua sakafu sm 40 mchwa waonekane wakipanda. Sakafu ya chokaa ibaki barazani, magoti hayaipendi. Na fundi atoboe kwanza kabla ya parafujo. Mnazi mkavu unapasuka mwishoni mwa ubao.