Mjadala: Miswada ya nyumbani Lamu iwekwe wazi mtandaoni, au ibaki kabatini?

Assalamu alaikum, ndugu zangu. Suala hili barazani hukatwa juu juu, kila mtu akaondoka na lake, kwa hiyo nalileta hapa tulizungumze hadi lieleweke. Nyumba nyingi za Lamu, Pate na Siyu bado zina vitabu vilivyoandikwa kwa mkono: misahafu, fiqhi, kasida, tenzi. Je, wenyewe wakubali vipigwe picha, asome yeyote popote alipo?

Mimi nasema wakubali, tena upesi. Unyevu wa pwani na mchwa havingoji tumalize kubishana.

Wanaokataa wana hoja nzito. Wanasema elimu ina mlango wake: kitabu husomwa mbele ya sheikh, neno kwa neno, mpaka mwanafunzi apewe ijaza, yaani idhini ya kukifundisha. Picha ya simu haitoi ijaza. Hilo nalikubali kabisa. Lakini tazameni kurasa za mwanzo za vitabu vya Msikiti wa Riyadha, hapa Lamu. Vingi vimeandikwa wakfu. Kitabu cha wakfu hakiuzwi wala hakirithiwi. Aliyekitoa alitaka kiwafikie wanafunzi asiowajua, hata baada ya yeye kufa. Naye mshairi wetu Mwana Kupona, utenzi alioutunga mnamo 1858 alimtungia binti yake, lakini mwishoni anawahimiza wanawake wote wausome. Ukanakiliwa nyumba kwa nyumba. Wazee wetu walijua kutofautisha kufundisha na kueneza, na yote mawili waliyafanya.

Hoja ya pili ni ya uchungu, na uchungu huo ninao pia. Mswada wa Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate, nakala yake ya zamani iko Hamburg, Ujerumani. Miswada mingine ya pwani iko London. Mtu wa Pate anayetaka kuiona karatasi yenyewe aombe viza! Ndiyo maana mzee akimwona mgeni na kamera anafunga kabati.

Ila kupiga picha si kuchukua. Miswada ya Riyadha ilipigwa picha kwa mpango wa British Library wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini, na vitabu vyenyewe vikabaki Lamu. Kwangu, sharti la kwanza ni hilo: kitabu hakivuki bahari. La pili ni kwamba nakala kamili ya picha ikae hapa hapa, si kwa mfadhili peke yake. Oktoba 2023 British Library ilivamiwa na wadukuzi, na huduma zake za mtandaoni zikazimika kwa miezi. Anayetegemea seva ya London peke yake, siku hizo hakuwa na kitu.

Sisemi kila karatasi ianikwe. Wasia, hati za talaka, madeni ya babu, hayo ni ya familia. Dawa na talasimu, mwenyewe aamue. Tangu 2016 Kenya ina sheria ya kulinda maarifa ya jadi, na familia zina haki ya kuuliza nani atafaidika.

Lakini kinachonikosesha usingizi ni kingine. Tukishaziweka picha, nani wa hapa atazisoma? Watoto wetu wanatoka chuoni, yaani madrasa, wakiusoma msahafu vizuri, kisha ukiwapa utenzi wa Kiswahili kwa herufi zizo hizo za Kiarabu, wanakwama. Msahafu una irabu zake zote na mwalimu wa kuwasahihisha. Katika miswada yetu ya zamani *e* na *i* huandikwa sawa, *o* na *u* vilevile, na herufi ya *b* inaweza kuwa *p* au *mb*. Ni lazima uijue lugha, tena Kiamu chenyewe, lahaja ya Lamu, ndipo usome. Wanaoweza hivyo wengi ni watu wazima, na hakuna anayekaa nao kujifunza. Tukiliacha hilo, picha zitakuwa za watafiti wa ng'ambo, na wanaosema tumeibiwa watakuwa wamesema kweli.

Kwa hiyo naomba wenye vitabu waseme: mngekubali kwa masharti gani? Na walimu wa vyuo: mnaweza kutenga saa moja kwa wiki ya kuwasomesha watoto tenzi kwa hati za Kiarabu, au ratiba imejaa?