Baba alizama 2021, fomu ya ufadhili inasema yu hai na anapata kipato

Wadau, salaam aleikum. Naandika nikiwa na hasira, kwa hivyo anayetaka lugha laini apite uzi mwingine.

Mpwa wangu, binti ya dadangu wa Kizingitini, kisiwa cha Pate, alifanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari hapa Kenya, 2023 akapata B. Akachaguliwa kusomea ualimu wa sayansi, chuo cha bara. Vigelegele vikapigwa, halua ikaliwa. Kisha ikaja fomu ya serikali ya kuomba ufadhili wa chuo, ile ya kujazwa mtandaoni.

Babake alikuwa mvuvi. Alitoka na mwenzake wakati wa kusi, msimu wa upepo mkali, mwaka 2021. Mashua ilipatikana imepinduka, wao hawajaonekana hadi leo. Polisi waliandika kwenye OB, kitabu chao cha matukio. BMU, kamati ya wavuvi ya kusimamia ufuo, walitoa barua. Imamu alisalisha sala ya ghaibu, dadangu akakaa eda miezi minne na siku kumi, na hakuna mtoto pale Kizingitini asiyejua kwamba yule mtu amekufa. Fomu peke yake ndiyo haijui! Ukisema baba amefariki, inataka nambari ya cheti cha kifo. Na cheti utakipataje wakati maiti haikuonekana? Ukienda kwa sheria, Sheria ya Ushahidi kifungu cha 118A inasema mtu akikosa kusikika miaka 7 ndipo anahesabiwa amekufa. Haya, 2021 jumlisha 7. Mtoto kaingia chuo 2024, kozi ya miaka minne. Yaani kwa serikali babake atakufa mwaka ule ule binti anapovaa joho.

Kijana wa saiba, pale tulipolipia kujaziwa fomu, hana kosa. Alijaribu kila njia, ukurasa ukagoma kuendelea, mwisho akaweka "hai". Hapo hapo likaja swali la pili: mapato ya baba kwa mwezi. Mapato gani? Hata mvuvi aliye hai hana jibu la swali hilo. Kaskazi bahari ikitulia anapata kamba, anapata nguru, anauza, analipa deni la mashine. Kusi ikivuma anakaa barazani akishona nyavu na kukopa unga dukani. Utaandika mwezi upi? Mtu mmoja aliyekuwa kwenye foleni akataja hesabu ya kaskazi, ikaandikwa hiyo. Na chuo, kama mjuavyo, kinafungua Agosti na Septemba, kusi haijaisha, watu hawana kitu mfukoni.

Matokeo: bendi ya 4. Kwa wasioujua mfumo huu ulioletwa 2023, bendi ni daraja la uhitaji, ya 1 ndiyo ya wahitaji zaidi: bendi ya 1 serikali inampa mtoto ufadhili asilimia 70, mkopo 25, nyumbani mnatoa 5. Bendi ya 4 ufadhili ni 40, mkopo 30, nyumbani 30. Kwa kozi ya shilingi 240,000 kwa mwaka, bendi ya 1 mzazi angetoa 12,000. Bendi ya 4 anatoa 72,000. Dadangu anapika mahamri na viazi karai. Elfu sabini na mbili, kila mwaka, kwa mahamri! Na mtoto anakwenda na mkopo mkubwa zaidi juu yake, wa kulipa mwenyewe akimaliza.

Tukakata rufaa. Ikarudi: ambatisha cheti. Tukafunga safari hadi ofisi moja hapa Amu, mji wa Lamu, na wenye boti za Pate mnajua, maji yakikupwa mlango wa bahari wa Mkanda hampiti, mnangoja. Dadangu alifika saa nane, na bahasha ya OB, barua ya BMU, ya chifu na ya imamu. Yule afisa hakufungua hata moja.

"Mama, hizi si cheti."

"Mwanangu, cheti nikitoe wapi na mwenyewe hakuonekana?"

"Basi andika hamjulikani alipo."

Kwenye fomu hakuna pahali pa kuandika hivyo. Nilimuonyesha kwa simu yangu. Akasema yeye hakuitengeneza fomu, akaenda kusali alasiri, sisi tukaenda kutafuta pa kulala.

Basari, msaada wa karo wa kaunti, je? Nayo nimejaribu. Fomu ya basari inataka cheti kile kile, na majina yanapotoka unakuta mtoto wa mwenye lori mbili yumo. Halafu Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti akaziandikia kaunti zisimamishe basari za vyuo, kwa kuwa Katiba imezipa kaunti chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, si vyuo vikuu. Kisheria labda ana haki. Lakini mkibishana huko juu nani alipe, chuo hakingoji, mtihani unamkuta mtoto ana deni.

Msiniambie mahakama imeshasema. Najua. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliamua mfumo huu unabagua na unakiuka Katiba. Serikali ikakata rufaa, Mahakama ya Rufaa ikaruhusu uendelee, bendi ziko pale pale.

Na msiniambie "mngesema tu baba hajulikani, mtoto wa mama pekee". Tuseme uongo ili tuaminiwe? Mama wa pekee pia anaulizwa baba yuko wapi.

Ninachotaka ni kidogo. OB ya polisi na barua ya BMU zikubaliwe pahali pa cheti kwa waliopotelea baharini. Pwani nzima, Kiunga hadi Vanga, hizo familia zipo, si yetu peke yake.

Aliyewahi kupata amri ya mahakama kabla ya miaka 7 kutimia, iwe Lamu, Malindi au Mombasa, aandike hapa alifanyaje na wakili alimtoza ngapi. Karo ya muhula inadaiwa mwisho wa mwezi. Wa "subira huvuta heri" naomba wasijibu.