Wanasema spidi iko sawa, mbona kila jioni nauawa nikiwa nyuma ya ukuta?

Wakuu, hii ni wiki ya tatu nazungushwa na mtoa huduma wangu wa intaneti. Uvumilivu umenishinda.

Jana kwenye gemu letu la risasi la mtandaoni tulikuwa na mechi ya kuamua nani anapanda daraja. Tumebaki wawili, wao mmoja. Nikamwona, nikakimbilia ukutani, nikafika, nikainama na kuanza kujaza risasi. Mara skrini ikaganda, ikanivuta hatua nne nyuma mpaka pale uwazini nilikotoka, na nimeshauawa. Kwenye hesabu za seva sikuwahi kufika ukutani. Wenzangu wamejiandaa mwezi mzima kwa mechi ile. Hakuna aliyenitukana, maiki zote zilikaa kimya, na kimya kile kiliniuma kuliko tusi.

Nikapiga simu. Jibu lilelile la tangu siku ya kwanza: "Ndugu mteja, tumepima laini yako, spidi iko sawa. Zima ruta, subiri sekunde 30, washa." Nimezima na kuwasha mpaka kitufe kimelegea. Mimi sijalalamikia spidi! Mechi ya mtandaoni inakula data kidogo mno, mara nyingi haifiki hata Mbps 1 (megabiti moja kwa sekunde). Shida yangu ni muda wa pakiti (kifurushi kidogo cha data) kwenda kwenye seva na kurudi, yaani pingi, na hasa pingi kuyumba. Pingi ya milisekunde 80 iliyotulia unaizoea na unacheza vizuri tu. Hii inayoruka kutoka 40 hadi 600 haichezeki, hata uwe na mkono mwepesi namna gani.

Ushahidi nimewapelekea. Kwanza nilichomeka kebo moja kwa moja kwenye ruta wasije wakasingizia waifai. Nikafungua madirisha mawili kwenye kompyuta: moja linapima pingi ya ruta yenyewe, 192.168.1.1, la pili linapima 8.8.8.8, seva ya Google iliyo nje ya nyumba. Nyumba ikiwa imetulia, ruta inajibu kwa milisekunde 1, na nje napata 38, 39, 38, 40. Nikamwambia mdogo wangu apakie video aliyorekodi. Ruta bado 1. Nje: 38, 171, 412, 633, 640, kisha mstari mmoja haukupata jibu kabisa. Akasitisha kupakia, na baada ya sekunde mbili tukarudi 39.

Ruta inapokea data kutoka ndani ya nyumba kwa kasi kuliko laini inavyoweza kuitoa, kwa hiyo inaipanga foleni kwenye bafa yake, yaani kumbukumbu ya kushikilia data inayosubiri kutoka. Bafa yenyewe imewekwa kubwa kupita kiasi. Pakiti hazidondoki mapema, basi kifaa kinachopakia hakipati dalili yoyote kwamba njia imejaa, kinazidi kusukuma tu. Pakiti yangu ndogo inayosema "nimehamia nyuma ya ukuta" inaenda kusimama mkiani mwa foleni ya video. Pigeni hesabu wenyewe: kupakia kwangu ni Mbps 5. Zikiwa mbele yangu kilobaiti 375, nasubiri sekunde 0.6, yaani milisekunde 600, na ukijumlisha zile 38 za kawaida unafika 638. Ndiyo takriban ile 640 niliyoiona!

Na ugonjwa huu wa bafa kubwa kupita kiasi, kwa Kiingereza bufferbloat, si mgeni. Mhandisi Jim Gettys aliupigia kelele tangu 2010. Mwaka 2012 watafiti Kathleen Nichols na Van Jacobson wakatoa CoDel, mbinu ya kufupisha foleni, na fq_codel iliyotokana nayo ikachapishwa mwaka 2018 kama RFC 8290, waraka wa kiufundi wa intaneti. Dawa ipo, na ni ya bure. Nimeazima ruta ya rafiki yenye OpenWrt, programu huria ya ruta, nikaiweka nyuma ya ruta yao, vifaa vyote vikapita humo. Nikawasha SQM, kipengele chake cha kusimamia foleni, nikachagua CAKE, mbinu ya jamii hiyo hiyo ya fq_codel, nikabana kupakia kwenye Mbps 4.3, chini kidogo ya uwezo wa laini, ili foleni ijipange kwangu na niisimamie mimi. Video ikapakiwa upya. Pingi ikagota 46. Arobaini na sita, wakuu!

Sasa hasira yangu iko hapa. Ruta waliyonipa ilikuwa na ukurasa kamili wa mipangilio. Wakasasisha programu yake kwa mbali bila kuniuliza, na leo nikiingia nakuta jina la waifai na nywila, basi. QoS, ya kupanga data ipi ipite kwanza, imeondolewa; UPnP, ya kuifungulia gemu njia yenyewe, imeondolewa. Kwa kuwa ruta sasa ni mbili, kuna NAT (njia ya vifaa vingi kutumia anwani moja ya nje) juu ya NAT, na konsoli inaniandikia kwamba NAT imebanwa, siwezi hata kuwa mwenyeji wa chumba cha sauti. Mhudumu mmoja akaniambia nifungue poti 3074, yaani mlango wa data ya gemu. Niifungue wapi? Anwani ya nje kwenye ruta yao inaanza na 100.72, maana yake nimo nyuma ya NAT nyingine huko kwao ninayoshirikiana na wateja wengine. Wanalijua hilo, halafu wananipotezea jioni nzima.

Tafadhali asije mtu kuniambia nibadilishe DNS. DNS kazi yake ni kutafuta anwani ya seva. Mechi ikishaanza haihusiki na pingi. Chaneli za waifai, 1, 6 na 11, nimezijaribu zote, na nimeshasema nipo kwenye kebo.

Nataka waigeuze ruta yao iwe daraja tu (bridge), ipitishe laini mpaka kwenye ruta nitakayoisimamia mwenyewe, na wanipe anwani ya IP isiyoshirikiwa na mtu. Wanajibu "mfumo hauruhusu". Kuna aliyewahi kukubaliwa? Uliongea na kitengo gani, na uliwaambiaje mpaka wakakubali? Ruta ya rafiki niliyoazima nairudisha Jumamosi, na Jumapili tuna mechi ya marudiano.