Mpango mpya wa ardhi Mombasa: ghorofa zifuate barabara au bomba la maji taka?

Mtoa hoja, Tudor
Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka mpango wa ardhi wa miaka 10, upitiwe upya kila miaka 5. Naleta swali moja: idadi ya ghorofa zinazoruhusiwa ifuate nini? Mimi nasema bomba la maji taka. Sehemu ya kisiwa inalo, Changamwe na Mikindani kwa kiasi. Nyali, Kisauni na Likoni kwa sehemu kubwa ni mashimo ya maji taka.

Chukua jengo la ghorofa 12, nyumba 4 kila ghorofa, watu 4 kila nyumba. Hao ni watu 192. Kila mtu akimwaga lita 80 kwa siku, shimo linapokea zaidi ya lita 15,000 kutwa. Lori la kunyonya la lita 10,000 lingekuja mara 3 kila siku 2. Nani atalipa? Maji yataachwa yazame, na mwamba wetu wa matumbawe una matundu, hauchuji kitu. Yanaishia kwenye visima tunavyovikimbilia mifereji ikikauka. Mpango uandike kikomo kidogo cha ghorofa penye shimo, kiongezwe bomba likifika.

Wa Majengo
Shekhe, hesabu yako sawa, ila watu hawasubiri bomba. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 kwenye kilomita za mraba zipatazo 220. Ukifunga ghorofa Nyali, kodi inapanda na mpangaji anasukumwa Mshomoroni au Mtwapa, kwenye mashimo yaleyale.

Tena kuhesabu ghorofa ni kipimo kibovu. Kiwanja cha mita 20 kwa 30 ni mita za mraba 600. Ukijenga nusu yake ghorofa 4, sakafu zote ni 1,200, mara mbili ya kiwanja. Ukijenga robo yake ghorofa 8, sakafu ni zilezile 1,200, lakini umeacha mita 450 za upepo na za maji ya mvua. Dhibiti jumla ya sakafu, kisha mwenye jengo aweke mtambo wake wa kusafisha maji taka kabla ya kupewa cheti cha kuhamia.

Mtoa hoja, Tudor
Kipimo cha sakafu nakikubali. Mtambo ndio unaonitia wasiwasi. Ile mitambo midogo ya kawaida hupuliza hewa kwa umeme ili bakteria wale uchafu. Stima ikipotea muda mrefu, au msimamizi akiizima kubana gharama, bakteria wanakufa na kinachotoka ni maji machafu yaliyopita tangini tu. Cheti hutolewa mara moja, mtambo unafanya kazi kila siku. Labda kibali kifungwe kwa vipimo vya maji vya kila baada ya miezi mitatu.

Wa Kisauni
Nyote mnazungumzia viwanja vyenye hati. Tangu Sheria ya Hatimiliki ya Ardhi ya 1908, kule kwetu mashamba mengi yana mwenyewe aliye mbali, na juu yake zimejaa nyumba za watu wanaolipa kodi ya ardhi: nyumba yako, ardhi ya mwingine. Ombi la ujenzi linadai nakala ya hati. Mwenye nyumba hana hati, basi ombi halipeleki, anaongeza ghorofa kimyakimya bila mhandisi. Ramani mtaipaka rangi, lakini huku haitamfikia mtu.

Sheria ya upangaji ya 2019 inaruhusu kaunti kutangaza eneo maalumu la upangaji, kama Nairobi ilivyoutangaza mtaa wa mabanda wa Mukuru mwaka 2017 kwa sheria ya awali. Itangazwe hapa pia, na ridhaa ya maandishi ya mwenye ardhi ikubaliwe badala ya hati.

Wa Likoni
Niongeze la ufuo. Kanuni za upimaji zinataka mita 60 juu ya alama ya maji kujaa ziachwe pale ardhi ya serikali inapogawiwa. Mashamba ya hati za kale hayakukatwa mita hizo, ndiyo maana kuta zimefika majini. Mpango uyataje hayo kiwanja kwa kiwanja, pamoja na mikoko ya Tudor na Port Reitz.

Mtoa hoja, Tudor
Wa Kisauni amenisogeza. Bomba kuu haliwezi kupita mtaa usio na vichochoro vilivyopimwa. Fundi hana pa kuchimba wala pa kuweka chemba. Basi upimaji wa njia Kisauni utangulie, upana wa mita 3 tu ukipatikana unatosha bomba na lori la taka, ndipo tubishane ghorofa ngapi.