Historia ya klabu ya briji iandikwe yote, hata waliorudishwa mlangoni? Tujadili

Mleta mada:

Wakuu habari zenu. Naleta hoja hii kwa wapenzi wa karata, hasa wanaocheza briji (karata za watu wanne, wawili wawili dhidi ya wawili), manake naona tunaikwepa miaka nenda rudi. Klabu ikikaribia jubilei, miaka 50 au 75 au 100, anatafutwa mtu wa kuandika historia, na kinachotoka ni kilekile kila mahali: nani alikuwa mwenyekiti mwaka gani, nani alibeba kombe, klabu ilihama jengo hili ikaenda lile, picha ya wazee wamekaa wanne wanne mezani, kwisha. Mi nasema hiyo ni orodha ya viongozi. Swali la kwanza kwenye historia ya klabu ya briji ni nani aliruhusiwa kukaa mezani, nani alirudishwa, na nani aliamua arudishwe. Kama klabu iliwahi kukataa watu kwa rangi, kwa dini au kwa sababu ni wanawake, basi iandikwe, na tarehe yake iwekwe, na maneno yaliyoko kwenye daftari la mikutano yanukuliwe kama yalivyo.

Nieleze kwanini. Hii briji tunayocheza leo, ile ambayo ukinadi mkataba, yaani ukiahidi utashinda mizunguko mingapi, lazima uutimize au uadhibiwe, hesabu zake za pointi zilipangwa na tajiri wa Marekani Harold Vanderbilt mwaka 1925 akiwa safarini kwenye meli ya SS Finland inayopita mfereji wa Panama. Miaka michache tu baadae Marekani yote imeshikwa, wachezaji na walimu wa briji Ely Culbertson na mkewe Josephine majina yao kila gazeti, klabu zinafunguliwa kila mji. Kila anayesimulia enzi zile anasimulia hayo, na hakosi kuongezea kesi ya Kansas City ya 1929, yule Myrtle Bennett aliyempiga mumewe risasi baada ya mume kushindwa mkataba wa shupaza nne, na 1931 mahakama ikamwachia huru. Mtu kauawa juu ya karata na hakuna anayeona haya kuisimulia! Lakini miaka mitatu tu baada ya risasi ile, 1932, wachezaji weusi waliokuwa wamekusanyika kwenye tenisi pale Buckroe Beach, Virginia, waliunda chama chao, American Bridge Association, kwa sababu mashindano ya wazungu hayakuwapokea. Chama kikubwa cha Amerika Kaskazini, ACBL, kiliundwa 1937, na kizuizi cha mwisho cha rangi kikaja kuondolewa kwenye kanuni zake mwaka 1967. Hiyo ni miaka 30. Kijana aliyekuwa na kipaji 1937 akiwa na miaka 25 alifika 55 ndo mlango unafunguka.

Sasa chukua klabu yoyote ya mtaani iliyokuwa chini ya chama hicho miaka ya 50. Ama ilifuata ama ilipinga. Kuna siku watu walikaa kikao wakaamua, na hata kama hawakuamua, kuna mtu alifika mlangoni akaambiwa hapana. Unaandikaje kitabu cha klabu hiyo kurasa 120 na jambo hilo lisipate hata mstari mmoja? Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza:

Mkuu nakuelewa ila unachanganya vitu viwili. Chama cha taifa ni taasisi, kina kanuni, kina wanasheria, kikosolewe. Klabu ya mtaani ni watu thelathini arobaini wanakutana jioni moja kwa wiki wanacheza wanarudi makwao. Watoto na wajukuu wa waanzilishi wengine bado wanacheza palepale, na hela ya kuchapisha hicho kitabu cha jubilei wametoa wao. Leo unataka wafungue ukurasa wa 14 wakute babu yao alinyoosha mkono kumkataa mtu 1952, na babu mwenyewe kashakufa hawezi kujitetea wala kueleza alikuwa anafikiria nini. Marehemu tuwaache wapumzike. Halafu zama zile ndo zilivyokuwa, huwezi kumpima mtu wa 1952 kwa kipimo cha leo. Mi sisemi ifichwe, mtafiti akija apewe makabrasha asome aandike thesisi yake. Ila kitabu cha jubilei kina kazi yake, kinawaunganisha wanachama, na ukikigeuza kuwa kesi klabu itagawanyika vipande, na klabu za briji zenyewe siku hizi zinapungukiwa watu.

Mchangiaji wa pili:

Naomba na mimi nichangie upande wa akina mama maana hapa watu hupita haraka sana. Ukisoma historia za klabu nyingi za zamani utadhani wanawake walikuja kuangalia tu. Wakati Rixi Markus aliyekimbia Vienna 1938 akaingia London kama mkimbizi ndo alikuja kuwa mwanamke wa kwanza duniani kufikia daraja la juu kabisa la ubingwa wa dunia, yeye na mwenza wake Fritzi Gordon walitikisa meza za Ulaya miaka na miaka. Dorothy Hayden alicheza kwenye timu ya Marekani, timu ya wazi isiyotenga wanaume na wanawake, kwenye kombe la dunia la Bermuda Bowl la 1965, wakamaliza wa pili. Bermuda Bowl lilianza 1950, kombe la dunia la timu za wanawake, Venice Cup, likaja kuanza 1974. Kwa hiyo uwezo ulikuwepo, vipaji vilikuwepo, kilichokosekana ni nafasi, na ukitaka kujua nafasi ilikosekana wapi hutaijua kwenye mashindano ya dunia, utaijua kwenye klabu, mana hapo ndo mtu anajifunza, hapo ndo anapata mwenza wa kudumu. Bila mwenza huchezi briji. Klabu ikikukataa haijakunyima jioni moja ya starehe, imekunyima mchezo wenyewe. Mimi niko na mleta mada.

Mchangiaji wa tatu:

Mi sina shida na kuandika ubaguzi, shida yangu ni hili neno "yote". Mkishasema yote iandikwe, kesho mtu ataandika na za udanganyifu, na hapo wakuu mtachoma nyumba za watu.

Angalieni yaliyotokea ngazi ya dunia. Buenos Aires 1965, hiyohiyo aliyocheza Dorothy Hayden, yeye na wenzake waliwatuhumu Waingereza Terence Reese na Boris Schapiro kuwa wanapeana ishara kwa idadi ya vidole wanavyoshikia karata, ili kuonyesha wana kopa ngapi mkononi. Shirikisho la dunia likawaona wana hatia. Wamerudi Uingereza, ikaundwa tume chini ya Sir John Foster, ikakaa mpaka 1966 ikasema hatia haijathibitika. Hukumu mbili kwa watu walewale, na hadi leo watu wanabishana. Njoo 2015, Boye Brogeland wa Norway akaanika mambo kwa kutumia video za mechi, dunia nzima ikatikisika, Fisher na Schwartz wa Israel wakafungiwa. Fantoni na Nunes nao walifungiwa na shirikisho la Ulaya, lakini 2018 mahakama ya usuluhishi wa michezo, CAS, ikasema ushahidi haujafikia kiwango ikaitengua adhabu yao. Hapo kuna video, kuna wataalamu wa takwimu, kuna mawakili, na bado hawajakubaliana.

Sasa klabu ya mtaani ina nini? Ina minong'ono. Fulani alikuwa anachelewa kidogo kunadi akiwa na karata mbovu, fulani na mkewe walikuwa na namna yao ya kukohoa. Ukiandika hiyo kwenye kitabu umemuua mtu kwa wino. Kwahiyo wekeni mpaka kabla hatujaenda mbali.

Mleta mada:

Wa tatu hapo juu umesema jambo la maana na nakubali mpaka uwekwe, ila mpaka wenyewe sio mgumu kama unavyodhani. Udanganyifu ni tuhuma dhidi ya mtu. Kukataa wanachama ni uamuzi wa klabu. Tuhuma isipofika kwenye kikao isiandikwe kabisa, hata kama kila mtu mjini anaijua. Ikifika kwenye kikao, mtu akasikilizwa, ikatoka hukumu, basi iandikwe hukumu, na kama kulikuwa na rufaa au uchunguzi mwingine uandikwe nao, kama hiyo ya Reese na Schapiro ambayo mtu muungwana akiisimulia lazima aseme ya Buenos Aires na ya tume ya Foster zote mbili. Lakini kanuni ya klabu iliyosema fulani na fulani hawaingii haihitaji shahidi wa vidole wala video, ipo kwenye maandishi ya klabu yenyewe, wameiandika wao, wameipitisha wao.

Nije kwa wa kwanza. Umesema wajukuu wa waanzilishi wataumia wakisoma. Na wajukuu wa waliorudishwa je? Wao pia wapo, na wengine wanacheza leo kwenye klabu hizohizo, wanapewa kitabu cha jubilei wanakuta bibi yao aliyecheza miaka 40 kwenye chama cha pembeni hayupo popote, kana kwamba hakuwahi kushika karata. Maumivu ya upande mmoja umeyapima, ya upande wa pili umeyaruka.

Na hili la "zama zile ndo zilivyokuwa" naomba tuliache kabisa. Mwaka 1932 watu walikuwa wanajua kuna dhuluma ndo maana wakaunda chama. Hawakusubiri sisi tuje na kipimo cha leo, walikuwa nacho kipimo wenyewe na walikitamka. Na kizuizi cha 1967 hakikujiondoa chenyewe, kiliondolewa na watu waliobishana vikaoni mwaka baada ya mwaka, wakiwemo wazungu ndani ya ACBL. Ukisema kila mtu wa enzi ile alikuwa hivyo, umewafuta na hao waliopinga. Kwangu hiyo ndo dhambi kubwa kuliko zote za hivi vitabu, kwa sababu klabu iliyokuwa na mwanachama mmoja aliyesimama 1955 akasema hapana huyu aingie, hiyo klabu ina kitu cha kujivunia kuliko makombe yote ya kabatini, na hawakijui, mana hawajafungua daftari.

Mchangiaji wa nne:

Wakuu mnabishana iandikwe au isiandikwe, mi nauliza itaandikwa kutoka wapi? Nimekuwa mtunza kumbukumbu wa klabu, nawaambia hali ni mbaya. Briji ina bahati moja michezo mingi haina: tukicheza kwa mtindo wa karata zilezile kuzunguka kila meza, mtindo uliojaribiwa kwenye wisti, mchezo wa karata uliozaa briji, pale London tangu 1857, kila mkono, yaani kila mgao wa karata, unabaki na karatasi ya matokeo, nani alicheza na nani, walinadi nini, walipata ngapi. Klabu ya miaka 60 ingekuwa na maelfu ya karatasi hizo. Ziko wapi? Klabu ikifungwa au ikihama chumba, maboksi ndo ya kwanza kutupwa, makombe yanabebwa. 2020 janga lilipofunga milango watu wakahamia kucheza kwenye intaneti, huko kila karata inahifadhiwa, naweza kukuonyesha uliweka nini raundi ya tatu Jumanne ile, lakini vyumba vingi vilivyofungwa kipindi kile havikufunguliwa tena na karatasi zake zikaenda na taka.

Halafu tuwe makini. Karatasi ya matokeo haikuonyeshi aliyekataliwa. Hayupo pale, jina lake halikuandikwa. Ukitegemea makabrasha ya klabu peke yake utaandika ubaguzi kwa sauti ya waliobagua. Lazima uende upande wa pili, chama cha waliozuiwa nao walikuwa na mashindano yao na matokeo yao na mabingwa wao, na wazee wao wahojiwe sasa hivi wakiwa hai, sio jubilei ijayo. Na ile orodha ya mabingwa wa zamani tunayoiona takatifu, mtu wa kwanza kufikia pointi kadhaa, mtu wa kwanza kupata cheo cha bingwa wa maisha, inatakiwa iandikwe juu yake kabisa kwamba ni orodha ya walioruhusiwa kugombea. Bora kuliko wote wa mji ule anaweza kuwa hakuwahi kupewa hata pointi moja.

Mchangiaji wa kwanza:

Haya, nimesoma yote. La wajukuu wa upande wa pili nakubali sikulifikiria vizuri, na la kuhoji wazee naliunga mkono mia kwa mia. Lakini bado nina msimamo kwenye majina. Andika klabu iliamua hivi tarehe hii, inatosha. Kuna haja gani kuandika mwenyekiti alikuwa fulani na katibu aliyesaini ni fulani? Uamuzi ni wa klabu, ubebe klabu. Ukitaja mtu unamwachia yeye mzigo wa watu arobaini.

Mleta mada:

Ndugu yangu hapo ndo sitakufuata. Huyo mwenyekiti jina lake tayari liko kwenye kitabu, ukurasa wa kwanza, na picha yake, na kombe la jozi limepewa jina lake. Mmemtaja kwa jengo alilolipigania, mmemtaja kwa fainali aliyoshinda, hamkusema hapo kwamba jengo ni la klabu libebwe na klabu. Ikifika kwenye barua aliyoisaini mwenyewe ya kumkataa mtu ndo jina linageuka kuwa siri? Waliopiga kura chini kule wasio na cheo waacheni, wala daftari mara nyingi haliwataji. Aliyesaini kama kiongozi atajwe kama kiongozi, na kama baadae alibadilika akawa mmoja wa waliofungua mlango, na hilo liandikwe kwa jina hilohilo.

Mchangiaji wa tatu:

Kwenye saini hapo nakuunga mkono. Ila hilo kombe lenye jina lake limenigusa. Klabu ikishaichapisha barua, mwaka unaofuata bado mtamkabidhi mshindi kombe la fulani, na mshindi mwenyewe anaweza kuwa mjukuu wa yule aliyeandikiwa barua. Mtalibadilishia jina kombe au mtaliacha?

Mleta mada:

Kama ni mimi ningemuuliza huyo mshindi kwanza kabla kamati haijakaa.