Koki ya nje inavuja hata baada ya kubadilisha washa (kipira cha ndani kinachozuia maji)

Swali: Koki ya shaba, nusu inchi, nyumba ya zamani. Washa mpya hudumu wiki chache tu, kisha matone yanarudi. Ikifunguliwa, maji hutoka pia shingoni, chini ya mkono wa koki. Ninunue nyingine?

Jibu: Subiri kwanza. Tatizo huenda ni kiti ambacho washa hukalia. Funga valvu kuu, fungua koki maji yaishe. Shika mwili wa koki kwa spana moja, kichwa ukifungue kwa nyingine. Bomba kuukuu la chuma likisokotwa hupasuka kwenye nyuzi za kufungia, ndani ya ukuta, na hapo kazi inakuwa kubwa kweli. Pitisha kidole kwenye kiti. Ukihisi mkwaruzo, ndio unaokata washa. Kisage kwa kifaa chake mpaka king'ae duara zima, halafu weka washa ya nusu inchi.

Jibu: Shingoni ni pakingi, yaani kizibo kinachozunguka ufito wa mkono wa koki. Kaza nati yake robo mzunguko. Bado? Ifungue, sokota tepu nyeupe ya mafundi iwe kama uzi, zungusha kwenye ufito huo mara 3 au 4, kaza tena.

Jibu: Na msikaze koki kwa nguvu zote! Ikome maji yakikoma. Penye baridi ya kugandisha, ondoeni mpira wa kumwagilia. Maji yaliyonaswa hupasua bomba.